KIFARANSA CHA WAGENI WETU: NANI ATAKISAHIHISHA?



Katika namba hii ya gazeti letu tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo kila mutu hapa analijua, lakini hakuna aliyependa kulisema wazi. Tutaliita kwa jina lake: ni kicheko. Kile kicheko kilichotoka katika mistari yetu asubuhi moja, mwanzo wa mwaka wa masomo, tulipokwisha kupandisha bendera.

Wengi mulikuwa pale. Mmoja wa walimu wetu, mama mugeni mwenye lugha ya Kingereza, alisimama kutangaza kwamba wanafunzi wapya wapeleke makaratasi yao kwa biro ya Bwana Prefe. Kwa Kifaransa neno lile ni "bureau". Lakini mudomo wake ulitoa "bourreau". Na bourreau, kama wale wa mwaka wa tano na wa sita wanavyojua, ni mutu mwenye kazi ya kukata watu vichwa. Basi watoto wa watu, siku yao ya kwanza, waliambiwa waende kwa mukata-vichwa wa Bwana Prefe. Mistari yote ikaanguka kicheko. Sisi tunaoandika maneno haya nasi tulicheka. Hatuwezi kudanganya.

Mama hakukasirika. Alitabasamu kidogo, akakunja karatasi yake, akarudi mahali pake. Lakini tangu siku ile hajasema tena mbele ya bendera. Akiwa na tangazo, anamupa mwalimu mwingine alisome. Katika darasa anaandika mengi kwenye tablo na kusema machache. Na huyu ni mutu aliyeishi kati yetu zaidi ya miaka 12, anayefundisha biolojia vizuri sana, na aliyelala macho zaidi ya mara moja kwa ajili ya wagonjwa wa interna.

Kisha, usiku katika bweni, tulisikia wenzetu wakiuliza: "Miaka 12 yote ile, na Kifaransa bado? Kichwa chake ni kigumu namna gani?" Ni kwa sababu ya ulizo hilo tunaandika leo. Mawazo yetu ni haya: kichwa chake si kigumu hata kidogo. Kama kuna kosa, na sisi tuko ndani.

1. MIAKA HAIFUNDISHI KUSEMA

Watu wengi wanafikiri lugha inaingia sawasawa na joto la jua: mutu akikaa sana inje, litamuingia tu. Hapana vile. Mugeni akifika, miezi ya kwanza anaendelea mbio, kwa sababu anatafuta maji, mukate, njia, dawa. Kila siku anapata neno jipya. Lakini akifika pale ambapo watu wanaelewa anachotaka, mara nyingi anasimama. Anaweza kukaa miaka 12, ao 30, na asipite pale.

Mutaalamu mmoja wa lugha, Mwamerika Larry Selinker, aliandika juu ya jambo hilo katika mwaka 1972. Alilipa jina linalotoka kwa neno "fossile", ndiyo kusema kitu kilichokuwa na uzima zamani na sasa kimegeuka jiwe. Mama mwenyewe ametufundisha neno hilo katika biolojia. Ni hivyo na kosa la mudomo: mwanzo ni laini kama udongo, lakini likirudiliwa siku nyingi pasipo mutu kuligusa, linakuwa jiwe.

Angalieni namna gani linakuwa jiwe. Mugeni anasema "la problème". Sisi tunaelewa, tunajibu, kazi inaendelea. Kesho anasema tena "la problème". Kwa Kifaransa ni "le problème", lakini nani amemuambia? Hakuna. Basi kila siku ya miaka 12 alikuwa anafanya zoezi, lakini zoezi la kosa. Si kwamba hakujifunza. Alijifunza sana, paka alijifunza lile lisilofaa.

Chuo cha serikali ya Amerika kinachotayarisha mabalozi wake kinahesabu majuma 24 mpaka 30 ya darasa kusudi mutu wa Kingereza aweze kusema Kifaransa cha kazi. Majuma 30 hayafiki mwaka mmoja. Mama amekuwa nasi zaidi ya miaka 12. Tofauti ni nini? Katika chuo kile kuna mutu ambaye kazi yake ni kusema kila saa: "Hapana, si hivyo, sema tena." Hapa kwetu mutu yule hayuko.

2. SHUHUDA YA SOKO

Kuna jambo moja ambalo lilitusaidia kufahamu. Kiswahili cha Mama ni kizuri kupita Kifaransa chake. Na bado hakuna shule yo yote iliyomufundisha Kiswahili. Kifaransa alikisomea kwa vitabu na kwa walimu mbele ya kuja. Sababu ni nini?

Mwende naye sokoni mutaona. Mama akikosea neno mbele ya muuzaji wa maharagi, yule muuzaji anamuambia mara moja: "Hapana, Mama, si hivyo! Sema hivi." Mama anarudilia, muuzaji anacheka, Mama anacheka, na maharagi yanaongezwa kidogo juu ya kipimo. Hakuna mwenye haya. Ndiyo shule ya Kiswahili aliyosoma: masokoni, kwenye visima, kwenye vilio na arusi.

Lakini Kifaransa kwetu si lugha ya maharagi. Ni kama nguo ya siku ya Mungu. Mutu akivaa nguo ya siku ya Mungu na ikapasuka nyuma, nani atathubutu kumuambia? Kwetu, anayekosa Kifaransa anahesabiwa kuwa hakusoma. Kwa hiyo kumuonyesha mutu kosa lake la Kifaransa ni kama kumuambia: "Wewe haukusoma." Tunaogopa kumuambia mukubwa neno la namna hiyo, zaidi sana mwalimu. Tunanyamaza mbele ya uso wake, kisha tunacheka nyuma ya mugongo wake.

Tutatoa mufano mmoja. Katika karamu moja nyumbani kwa watu wa kanisa, Mama alikula vizuri. Walipotaka kumuongezea, akakataa kwa upole: "Merci, je suis pleine." Katika lugha yake watu husema hivyo, ndiyo kusema wameshiba. Lakini kwa Kifaransa maneno yale husemwa zaidi juu ya ng'ombe ao mbuzi mwenye mimba. Watu wote wakaangalia sahani zao. Hakuna aliyesema neno. Mama alipokwisha kuaga, jikoni kulikuwa kicheko paka usiku. Na hata leo hakuna aliyemuambia aseme tu "j'ai bien mangé, merci." Wenye nyumba walifikiri wamemuheshimu. Sisi tunauliza: heshima gani hiyo, kumuacha mugeni wako atembee na nguo iliyopasuka?

3. KWA NINI KIFARANSA CHAO KINAKAA NYUMA

Inafaa tujue pia habari za wageni hawa, kusudi tusiwahukumu bure. Wamisionere wa kwanza wa Kiprotestanti waliingia Kongo katika mwaka 1878, kwa upande wa chini ya muto. Wao na waliowafuata walitoka zaidi Uingereza, Amerika na inchi za Sweden na jirani zake, mahali ambapo Kifaransa si lugha ya nyumbani. Kazi yao ya kwanza ilikuwa lugha zetu. Bwana Holman Bentley alichapisha kamusi ya Kikongo katika mwaka 1887. Kifaransa kilikuwa lugha ya makaratasi ya serikali, si ya mahubiri.

Mambo yaligeuka kisha vita kuu ya pili. Tangu mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa musaada wa feza kwa shule za Kiprotestanti pia, si za Kikatolika peke yake. Kwa hiyo wamisionere wengi walipaswa kupita kwanza Ubelgiji, kujifunza Kifaransa na kupata karatasi za kufundisha. Kisha uhuru wa 1960, shule za sekondari ziliongezeka, na kufundisha kwa Kifaransa kukawa kazi ya kila siku.

Lakini angalieni maisha ya mugeni. Mangaribi anasema na wenzake kwa Kingereza, na jamaa yake katika simu, Kingereza, anaomba Mungu peke yake, Kingereza, sokoni, Kiswahili. Kifaransa kinabaki kwa chaki na kwa mikutano. Hafanyi muzaha kwa Kifaransa, hagombani kwa Kifaransa, hafariji mutoto kwa Kifaransa. Lugha ya chaki tu inabaki ubaoni.

Na kuna jambo lingine la kuungama. Sisi wenyewe tunamunyima Kifaransa. Tukikutana naye njiani tunamukimbilia na Kingereza chetu cha kilasi, kwa kuwa tunataka kujizoeza. Anatujibu kwa upendo. Kila siku tunachukua Kingereza chake, na Kifaransa hatumupi.

Tena kuna Kifaransa cha kitabu. Mama anasoma kila siku Biblia ya Louis Segond, ile iliyotoka nzima mwaka 1880 na kupitiwa tena mwaka 1910. Ni Kifaransa kizuri sana. Lakini masimulizi yake yanatumia wakati ambao watu hawausemi kwa kinywa. Siku moja alituambia: "Hier nous allâmes au marché." Kwa karatasi ni sawa. Kwa mudomo watu husema "nous sommes allés" ao "on est allé". Wamoja walicheka wakifikiri ni kosa. Hapana, halikuwa kosa. Ilikuwa nguo ya pasta iliyovaliwa kwenda shambani.

4. NA SISI JE?

Sasa turudi kwa neno lile la "bureau". Ninyi muliocheka, munaliita namna gani? Munasema "biro". Sisi pia. Na "biro" si "bureau".

Sauti ile ya "u" ya Kifaransa haiko katika Kiswahili na haiko katika Kingereza. Mutu wa Kingereza anaanguka upande mmoja, anatoa "ou". Sisi tunaanguka upande mwingine, tunatoa "i". Yeye anasema "la roue" akitaka "la rue". Sisi tunasema "la ri". Yeye anasema "vous" akitaka "vu". Sisi tunasema "vi". Tofauti ni kwamba kosa letu ni la watu wote, kwa hiyo hatulisikii. Kosa lake ni la peke yake, kwa hiyo linapiga masikio.

Ni vilevile kwa "le" na "la". Lugha zetu zina makundi mengi ya majina, mu-wa, ki-vi na mengine, lakini hakuna kundi la kiume na la kike. Kingereza vilevile hakina. Tangu lini meza ni mwanamuke na kiti ni mwanamuke, lakini kitanda ni mwanaume? Sisi na Mama tunashangaa pamoja. Lakini sisi tangu utoto tuko na dikte, na wino mwekundu, na mwalimu wa kusema "hapana". Tulisahihishwa, ndiyo sababu tumejua kidogo. Yeye hana wino mwekundu.

Tusisahau pia kwamba Kifaransa si lugha ya mama zetu. Katiba ya 2006 inasema ni lugha ya serikali. Lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Na sisi wafinalisti tunangojewa na egzamen ya Kifaransa ya kinywa katika Examen d'Etat. Tutasimama mmoja mmoja mbele ya watu tusiowajua. Mudomo utatetemeka. Kama wale wakubwa wakianza kucheka kwa neno letu la kwanza, nani atapata neno la pili?

Wengine wetu wanajibu: "Waacheni wazungu. Wao walicheka Kifaransa cha baba zetu miaka mingi." Ni kweli, na hatutaki kuificha. Kitabu cha picha cha Hergé, Tintin au Congo, kilichotoka kwanza gazetini mwaka 1930 na 1931, kiliweka katika vinywa vya Wakongo Kifaransa kilichovunjika, kusudi watoto wa Ubelgiji wacheke. Baba zetu na babu zetu walijua uchungu ule, katika biro, katika kazi, katika shule. Lakini kwa sababu tunaujua, tungekuwa wa kwanza kuuzuia. Mutu aliyepigwa fimbo anajua fimbo ni nini. Si sababu ya kumupiga jirani ambaye hata hakumupiga.

Wale wanaosoma Biblia wakumbuke kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Pale kwenye vivuko vya Yordani mutu alipimwa kwa neno moja, "Shiboleti". Asiyeweza kutoa sauti ya kwanza, aliuawa. Watu elfu 42 wa Efraimu walikufa, na walikuwa ndugu za wale waliowaua. Hatuui mutu hapa. Lakini mutu aliyekuwa anasema na sasa hasemi, kuna kitu kimekufa.

5. MASHAURI YETU

Hatutaki kulaumu tu. Haya ndiyo tunayoshauri.

Kwa wageni wetu, tunasema kwa heshima.

(a) Mutupe ruhusa. Katika desturi yetu mutoto hawezi kumusahihisha mukubwa; ni zarau. Ufunguo wa mulango huu uko mikononi mwenu, si mwetu. Lakini mukubwa akisema "munisahihishe", basi limekuwa agizo, na kulitii ni heshima. Muchague watu wawili ao watatu munaowatumaini, muwaambie wazi.

(b) Kosa moja, juma moja. Mutu akionyeshwa makosa kumi kwa siku moja atanyamaza kabisa. Juma hili "u", juma lijalo "le" na "la". Kwa "u" kuna njia rahisi, nzuri kwetu pia: sema "i", ulimi usitoke mahali pake, kisha funga midomo mviringo kama unayepuliza moto. Sauti itatoka yenyewe. Kisha rudilia jozi hizi: rue na roue, vu na vous, bureau na bourreau.

(c) Musimulie habari moja mara tatu, kwa watu watatu: mara ya kwanza dakika 4, ya pili dakika 3, ya tatu dakika 2. Mara ya tatu ulimi hautafuti tena maneno, unayapata njiani.

(d) Musikie Kifaransa cha vinywa. Radio Okapi, tangu 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine za taifa. Sikia habari fupi, rudilia nyuma ya musomaji pamoja na kupumua kwake, pasipo karatasi.

(e) Muingie mahali ambapo Kifaransa kinacheza: kwaya, mupira, jiko la siku kuu. Musikimbilie Kingereza mukikwama. Muulize tu: "Comment dit-on?"

Kwa sisi wanafunzi.

(a) Tuache kicheko cha mistari. Hatusemi kicheko ni zambi. Muuzaji wa maharagi anacheka pia, lakini anacheka pamoja na Mama, kisha kumupa neno. Sisi tulicheka na hatukumupa kitu.

(b) Tumurudishie neno likiwa zuri, ndani ya jibu letu. Mama akisema "Je suis finie" (kwa Kifaransa ni kama kusema "nimekwisha mimi!"), tujibu kwa upole: "Ah, vous avez fini, Mama?" Atasikia. Hakuna aliyefezeheshwa, na kosa limeguswa.

(c) Tuache kusahihisha lisilo kosa. Sauti ya inchi ya mutu si kosa. Watu wa Paris, wa Bruxelles, wa Dakar na wa Kinshasa hawana sauti moja. Mama akisema "soixante-dix" na sisi "septante", wote tumesema kweli: moja ni ya Ufaransa, nyingine ni ya Wabelgiji na yetu. Tusahihishe linaloharibu maana, ao linaloleta haya, basi.

Kwa Bwana Prefe na walimu.

Tunaomba saa moja kwa juma, siku ya tatu kisha masomo, chini ya mwembe. Nusu saa wageni watusaidie Kingereza. Nusu saa sisi tuseme nao Kifaransa, na kosa la kila mutu, la mwanafunzi na la mwalimu, liguswe kwa upole. Pasipo pointi, pasipo kaye. Wafinalisti watapata zoezi la egzamen ya kinywa. Wageni watapata wino mwekundu waliokosa miaka yote hii.

Tunajua kuna wanaoogopa kwamba nizamu itaharibika, mwanafunzi akimusahihisha mwalimu. Tunaelewa woga huo. Ndiyo sababu tunasema: chini ya mwembe, saa ile tu. Darasani mwalimu ni mwalimu, na hakuna atakayeinua kidole kusahihisha Kifaransa chake mbele ya wengine.

Wengine wanasema: "Mama aache Kifaransa, atufundishe kwa Kiswahili." Tunapenda Kiswahili chake. Lakini biolojia yetu itaulizwa kwa Kifaransa siku ya Examen d'Etat, na tunahitaji kuisikia katika kinywa chake, si kwenye tablo tu. Tangu aliponyamaza, tunaandika kurasa nyingi na tunaelewa kidogo. Mbele, alikuwa anaeleza moyo na damu mpaka mutu anasikia moyo wake mwenyewe unapiga. Kicheko chetu cha dakika moja kimetuondolea hayo. Mwenye hasara si yeye peke yake.

Kwa kumaliza, tunasema neno kwa Mama mwenyewe, maana tunajua anasoma gazeti hili. Mama, tunaomba musamaha. Tulicheka, na hatukukuambia kwa nini tulicheka, sasa umejua. Neno ni "bureau", midomo kama kupuliza moto. Sisi tuko tunalijifunza pia, na bado linatushinda. Tunakuomba usimame tena mbele ya bendera, utangaze kwa kinywa chako. Likitoka vibaya, sema tena. Tutangoja.

Na wewe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza uliyetumwa kwa mukata-vichwa: ulienda, ukatoa karatasi, ukarudi na kichwa chako. Basi usiogope Kifaransa cha mutu mwingine, wala chako.

Mungu awabariki wote.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa sita, kwa jina la komite ya gazeti.